Mayai ya Baba Yamo Kwenye Soksi Yangu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba pia unisamehe mwandiko, kwa sababu barua hii naiandikia chooni, ndiko mahali pekee nyumbani kwetu ambako Shangazi hubisha kabla ya kuingia, na hata huku ameshauliza kama nimezama.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na baba yangu ana bucha. Mtaani wanamwita Mzee Kilo, kwa sababu mteja akiomba robo yeye humtazama kwa huruma na kumuuliza, "Robo? Una wageni au una paka?" na mteja huona haya akachukua kilo. Tangu nikiwa mdogo amekuwa akiniambia kwamba mtu asiyekula akashiba hana tofauti na kiti, wote wawili wanasubiri kukaliwa. Nakueleza haya ili uelewe ni mtu wa namna gani ambaye sasa analala chumbani akinywa uji mweupe kwa kijiko.

Siku aliyoumia alikuwa amebeba paja zima la ng'ombe begani, akakanyaga kipande cha mafuta kilichodondoka sakafuni, na sakafu ya bucha ni ya vigae, basi akaruka kama mtu anayecheza muziki asioujua, akaangukia ukingo wa meza ya kukatia. Paja la ng'ombe halikupata hata mkwaruzo. Mguu wa Baba ulivunjika mfupa wa mbele, chini ya goti, vibaya, akapelekwa hospitali, wakampasua, wakamfunga bamba la chuma na skrubu humo ndani, wakamshona kuanzia karibu na goti hadi karibu na kifundo cha mguu. Mama akavaa aproni ya Baba, ambayo kwake ni gauni, akaenda kusimama bucha kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa sababu bucha ikifungwa hatuna kingine. Ndipo Shangazi, dada mkubwa wa Baba, akaja kumuuguza, akiwa na sanduku, mto wake wa kulalia na sheria zake.

Sheria alizitoa siku ileile, amesimama katikati ya chumba kama hakimu, mto bado uko kwapani.

"Nyama inaleta usaha, nisiione. Mayai yanafanya kidonda kiwashe. Maziwa yana utelezi, chuma kitalegea. Samaki ana harufu, ataleta nzi."

"Na maharage, dada?" Baba akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia kwa mtu mwingine yeyote duniani.

"Maharage! Maharage yanajaza gesi. Hiyo gesi itatokea wapi? Itasukuma skrubu!"

Mimi nikasema, kwa heshima zote, nikiwa nimefunga mikono nyuma, kwamba tumbo na mguu havina bomba linaloviunganisha, tulifundishwa darasani na mchoro tukachora. Shangazi akanigeukia taratibu.

"Wewe ulishapasuliwa?"

"Hapana, Shangazi."

"Mimi nilipasuliwa kidole tumbo. Nikanywa uji mweupe mpaka nikapona. Hapa mbele yako amesimama nani, mzimu?"

Nikajibu hapana, Shangazi, na mjadala ukafungwa. Wageni wakileta kuku wa kuchemsha, Shangazi humla mwenyewe, anasema anamwondolea mgonjwa kishawishi, na silisemi hili kwa ubaya, kwa sababu humla huku akimtazama Baba kwa huruma ya kweli kabisa, hata mara nyingine machozi humlengalenga akiwa kwenye paja. Soda na biskuti za wageni ndizo anazomruhusu Baba, eti zina nguvu.

Tuliporudi kliniki kukaguliwa, daktari alifungua bandeji akainama karibu kabisa na mguu. Kidonda upande wa chini kilikuwa hakijashikana, midomo yake imeachana na ndani kuna unyevu. Akamshika Baba mkono akaugeuza geuza, mkono ule uliokuwa ukinyanyua nusu ng'ombe, akauliza, "Huyu mnamlisha nini?" Shangazi akawahi, "Anakula vizuri mno, daktari, hakosi kitu." Daktari akasema nyama za mguu zikikataa kufunga, vijidudu vitafika kwenye chuma, na hapo itabidi arudishwe chumba cha upasuaji, kidonda kioshwe, na pengine chuma kitolewe mfupa ukiwa bado haujaunga, na mguu wenyewe hawezi kuuahidi. Akasema mgonjwa apewe mayai, samaki, maharage, maziwa, matunda. Shangazi akaitikia "ndiyo daktari" kila neno, na tulipofika nje akasema madaktari wa siku hizi ni watoto. Daktari aligusia pia jambo la sigara, lakini Baba alikohoa kwa nguvu hapohapo na sikusikia vizuri.

Kuanzia siku hiyo, Mshauri, nimekuwa mwizi, na hapa ndipo moyo wangu unaponiuma, kwa sababu nimelelewa nisiseme uongo na sasa nausema kwa ufasaha. Jirani yetu anafuga kuku, mimi namfundisha mwanawe hesabu, naye ananilipa mayai mawili ya kuchemsha kila nikitoka shule. Nayaficha ndani ya soksi, kwenye kifundo, sketi inafunika. Yanakuwa bado ya moto. Shangazi akiniona naingia nikichechemea huuliza, "Na wewe umevunjika?" nami nasema viatu vinanibana. Baba huyala chini ya shuka, kichwa ndani, mabega yanatikisika, ukimwona utadhani analia. Siku moja Shangazi aliingia akasimama mlangoni akinusa.

"Nani amechafua hewa humu?"

Mimi nikawa naomba ardhi inimeze. Sauti ya Baba ikatoka chini ya shuka. "Ni mimi, dada. Nisamehe. Ni uji wako."

"Uji wangu haunuki!"

"Ukiingia haunuki, dada."

Shangazi akafungua dirisha akaondoka akinung'unika, na Baba akatoa kichwa nje, kidevu kimejaa kiini cha yai, tukacheka mpaka akashika mguu kwa maumivu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu aanguke.

Mama sijamwambia. Siku Shangazi alipohamia, Mama aliniambia jikoni, "Mimi na wifi yangu tumefika hapa bila kurushiana maneno, sitaanza leo nikiwa nanuka damu ya ng'ombe." Basi nikaona nisimpe mzigo mwingine.

Sasa tatizo langu ni hili. Nilitegemea mayai yafanye kazi. Baba kweli amechangamka, mashavu yamerudi kidogo, lakini kidonda upande wa chini bado kiko wazi vilevile, nakitazama wakati wa kubadilisha bandeji na kila siku najiambia leo kimesogea, lakini hakijasogea. Kliniki ni wiki ijayo. Shangazi naye amekitazama akatikisa kichwa akasema, "Kuna mtu anamlisha huyu kitu," wala hajui kwamba aliyesimama nyuma yake na beseni la maji ndiye huyo mtu. Tangu hapo silali vizuri. Je, kama Shangazi ndiye mwenye haki? Je, kama ni mayai yangu yanayomla Baba mguu?

Na baba yangu mwenyewe simtegemei kunijibu, kwa sababu yeye kila kitu anakifanya mzaha. Tuna makubaliano, Shangazi akienda kuoga, yeye hujivuta hadi dirisha lililo kando ya kitanda akavuta sigara yake moja au mbili, basi, za kutuliza mawazo tu, ambazo huwa namletea kutoka dukani kwenye soksi ya pili, na huniambia, "Mimi sijaona yai, wewe hujaona moshi, tunaelewana?" Ni utani wetu. Hilo si tatizo, nimelitaja tu ili usinione nimeficha kitu.

Naomba uniambie, niendelee na mayai au niache? Na nikiendelea, je, uongo unaosemwa kwa ajili ya mguu wa mzazi ni uongo kamili au una punguzo? Baba aliniahidi kuja siku ya wazazi shuleni, kwa miguu yake, amevaa shati safi. Nimeshamwambia mwalimu wa darasa kwamba atakuja. Sikumwambia atakuja na nini.

Wako mtiifu,
Mwenye Soksi Mbili

JIBU

Mwanangu Mwenye Soksi Mbili,

Toka chooni kwanza. Ukae mahali penye hewa, maana nitakusifu kidogo na kukugombeza sana, na vyote viwili vinahitaji hewa.

Mayai hayamli baba yako mguu. Hilo liondoe kichwani leo, ulale. Kidonda ni ukuta uliobomoka, na mwili unapoujenga upya unataka vifaa: mayai, samaki, nyama, maharage, maziwa, hivyo ndivyo vya kujengea nyama mpya na kuunganishia mfupa. Unataka machungwa, mapapai na mboga za majani ili ujenzi ushike. Unataka maji ya kutosha. Uji mweupe peke yake ni kibarua aliyefika kazini bila tofali hata moja, na soda ni kelele za sherehe tu. Usaha hauletwi na nyama. Usaha unaletwa na vijidudu, na vijidudu hupenda sana mtu aliyedhoofika kwa njaa akiwa amelala nyumbani kwa mwenye bucha. Na skrubu, mwambie Shangazi kwa upole, zimekazwa na mtaalamu kwa bisibisi. Maharage hayajawahi kulegeza hata moja.

Kwa hiyo kwa mayai nakupigia makofi. Mtoto anayetembea na yai la moto kwenye kifundo cha mguu kwa ajili ya baba yake, huyo amelelewa, waambie wazazi wako nimesema hivyo.

Sasa njoo hapa nikuvute sikio.

Barua yako nzima umenieleza mayai, umenieleza uji, umenieleza mpaka harufu. Halafu mwishoni kabisa, mlangoni, ukiwa umeshaaga, ukadondosha sigara. Eti "hilo si tatizo". Eti "utani wetu". Mwanangu, hilo ndilo tatizo! Ulisema daktari aliligusia hukusikia kwa sababu ya kikohozi. Ulisikia. Ungekuwa hujasikia usingejua kwamba kuna jambo halikusikika.

Nikuambie alichokuwa anasema. Chakula hakifiki kwenye kidonda kwa kutembea. Kinabebwa na damu, kupitia mishipa myembamba kama nyuzi, na huko chini karibu na kifundo mishipa hiyo ni michache hata kwa mtu mzima wa afya. Moshi wa sigara huibana. Wewe unapakia matofali kwenye soksi ya kulia, na soksi ya kushoto inafunga barabara. Halafu unashangaa nyumba haijengeki, unajilaumu wewe na kuku wa jirani. Mfupa nao unauona moshi uleule, mfupa wa mvutaji huchelewa kuunga, wengine hukataa kabisa. Sisemi sigara ndiyo sababu pekee, maana mayai mawili yanayoliwa chini ya shuka kama mali ya wizi hayamtoshi mwanaume aliyekuwa akibeba mapaja ya ng'ombe. Lakini ukiniuliza nianzie wapi, naanzia dirishani.

Na wewe Mzee Kilo, najua utasomewa hii. Unamtuma binti yako dukani kukununulia kitu kinachokula mguu wako mwenyewe, halafu unamlipa kwa kicheko. Mteja akiomba robo unamwaibisha. Hapa wewe ndiye unayeomba robo ya mguu, na mtoto wako ndiye anayekupimia. Acha. Ukishindwa kuacha peke yako, mwambie daktari bila kukohoa, wako wanaosaidiwa wakaacha, na wala si aibu.

Uliniuliza kama uongo wako una punguzo. Hauna. Si kwa sababu mimi ni mkali, bali kwa sababu tazama ulivyokufikisha: kwa kumficha Shangazi yai, ulilazimika kumfichia baba yako moshi. Kila mmoja wenu amemshika mwenzake mkia. Mkifunguka, mnafunguka wote.

Fanya hivi. Leo hii sigara ziishe kwenye soksi yako. Baba akikuuliza, mwambie, "Baba, yai nimeona, na moshi pia nimeona." Atakasirika. Mwache akasirike, yuko kitandani, hatakufukuza.

Kisha nenda bucha ukamwambie mama yako kila kitu, hapo hapo mbele ya meza ya kukatia. Umesema hukutaka kumwongezea mzigo. Mama yako anakata nyama mchana kutwa ili mumewe apone, na jioni anarudi kumkuta mumewe amekonda. Unadhani haoni? Anaona, anakaa kimya kwa sababu ya wifi, na wewe unakaa kimya kwa sababu yake, na ukimya wote huo unamkondesha mgonjwa. Siku ya kliniki afunge bucha asubuhi hiyo aje mwenyewe. Mkifika ndani, kabla Shangazi hajafungua mdomo, wewe muulize daktari au muuguzi swali moja kwa sauti: "Tafadhali, tuelezeni mbele ya Shangazi, mgonjwa ale nini na aache nini?" Kama baba yako ana sukari au ugonjwa wa figo, mseme pia, maana chakula chake kitapangwa kwa namna nyingine. Na kama kabla ya siku hiyo kidonda kitaanza kunuka, kutoa usaha, kuvimba kwa wekundu na joto, au Baba akapata homa, msisubiri wiki ijayo wala ushauri wangu. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Anabaki Shangazi. Najua ungependa nikuambie umuumbue. Sitakuambia. Yule mama ameacha nyumba yake akaja na mto wake kumuuguza mdogo wake, na kila anachomnyima anamnyima kwa sababu anaogopa asife. Ana kosa kwenye sahani, hana kosa moyoni. Tena fikiria vizuri: una nyumbani mtu mwenye sauti ambayo baba yako anaiogopa kuliko daktari, mwenye pua inayonusa yai kupitia shuka, na mwenye muda wa kukaa chumbani kutwa. Na kwa kuficha mayai, mtu huyo umemficha na sigara! Umeweka askari bora kuliko wote mtaani alinde jiko, na mwizi yuko dirishani.

Mpeni kazi inayomfaa. Akishasikia kwa daktari, mama yako amwambie, "Wifi, mimi nashinda bucha, hakuna mwingine ninayemwamini. Huyu ale nyama na maharage mbele ya macho yako, na moshi usipite." Kisha ondokeni mlangoni haraka. Nakuhakikishia, kabla ya jioni kiti chake kitakuwa kimehamia dirishani, na baba yako atatamani arudishiwe uji.

Wageni wakileta kuku, Shangazi naye apate paja moja. Anayeuguza naye ana mwili.

Na mayai, mwanangu, yatoe kwenye soksi. Yamenye vizuri, yaweke kwenye sahani, weka na chumvi pembeni, umpelekee baba yako mchana mlango ukiwa wazi. Mtu aliyelisha mtaa mzima hapaswi kula amejifunika kichwa. Siku ya wazazi, kama atakuja kwa magongo, na aje kwa magongo, shati ni lilelile. Wewe vaa soksi safi, zikiwa na miguu yako tu ndani yake.